Sura ya Tano: Kwa Kina Fulani

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nilimshusha binti yangu garini amelala, uso wake umechorwa chui. Alikuwa na miaka mitano. Siku hiyo alianza na madrasa saa mbili asubuhi. Saa tano alikuwa kwenye bwawa anajifunza kuogelea, akabadilishwa nguo ndani ya gari huku akitafuna chapati, na saa nane tukaingia kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa darasani, Mbezi Beach. Saa kumi na moja tukapita kwenye sherehe ya pili, Sinza, tuonyeshe sura tu. Nilipomlaza kitandani alifumbua jicho moja. "Mama, kesho tusiende kokote." Halafu akauliza, "Yule mtoto wa gauni la njano alikuwa nani?"

Mtoto wa gauni la njano ndiye aliyekuwa mwenye sherehe, ile ya saa nane. Tulimpa zawadi, tukala keki yake, tukapiga naye picha. Binti yangu alikaa saa mbili na nusu nyumbani kwa watu na akatoka hamjui mwenyeji wake.

Usiku ule nilipekua simu. Tangu shule zilipofunguliwa mwezi wa saba tulikuwa tumehudhuria sherehe tisa. Nilijua bei ya kukodi lile jumba la mpira linalojazwa upepo watoto wakarukaruka ndani. Nilijua ni mama yupi anachelewa kujibu ujumbe na yupi anajibu kwa sauti ya dakika nne. Kitu kimoja tu sikukijua: mwanangu akiwa na siri, anamwambia mtoto gani? Nilikuwa nimemjazia siku, sikuwa nimempatia rafiki. Sura hii inahusu umbali ulioko kati ya mambo hayo mawili, na namna mzazi wa leo anavyoweza kuupunguza bila kujiua kwa foleni.

Kazi tano za mtaa

Nimekulia Magomeni, kwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani karo moja na majiko ya mkaa kwa idadi ya wapangaji. Watoto tulikuwa kumi na wawili au kumi na watatu, inategemea nani kahama na nani kahamia. Hakuna mzazi aliyemwandikia mwenzake kuuliza kama Jumamosi inamfaa. Ukirudi shule unavua sare, unakula, unatoka. Nje kuna rede: wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Waliochoka kukimbia wamechimba kishimo, wanacheza mdako. Kagiza kakianza kuingia ni zamu ya kombolela, mpaka sauti ya mama mmoja itoke dirishani. Ikitoka ya mmoja, zimetoka za wote.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tuliachiwa tu. Siku nilipomwambia mama yangu hivyo, alicheka. "Muachiwe na nani? Bibi wa nyumba ya kona alikuwa habanduki barazani. Ukianguka, anayejua kabla yangu ni yeye. Ukipigana, aliyewaachanisha ni yeye. Na siku uliyokula kwake ugali na dagaa ukaja kukataa chakula nyumbani, aliniletea habari kabla hujanawa mikono."

Nikakaa nikahesabu, nikakuta mtaa ulitufanyia kazi tano. Ulitukutanisha. Ulitulinda. Ulitulisha. Ulitusuluhisha. Na ukaturudisha nyumbani. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nasi tumezoea kuitaja methali hiyo harusini na kwenye vikao vya shule kana kwamba ni nasaha. Bibi wa kona asingeiita nasaha. Kwake ilikuwa orodha ya zamu.

Kazi zile tano bado zipo, waliokuwa wakizifanya ndio wametawanyika. Uwanja wa rede umekuwa fremu za maduka. Nyumba zimepandisha kuta, na juu ya kuta chupa zilizovunjwa au nyaya za umeme. Darasa moja la watoto ishirini na watano lina watoto kutoka Bunju mpaka Gongo la Mboto, kwa hiyo anayekaa dawati moja na mwanao anaweza kuwa anaishi mwendo wa saa nzima kutoka kwako. Kazi zote tano zimemwangukia mama mmoja mwenye simu, au baba mmoja. Si ajabu anaishia kuifanya ile ya kwanza tu, ya kukutanisha, akaifanya kupita kiasi.

Wala sina nia ya kuupamba mtaa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kila kumi, na mvulana mmoja kati ya saba hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Ni kizazi kilichokua kwenye mitaa hiyohiyo tunayoililia. Baraza lilikuwa na macho, lakini kuna vyumba ambavyo halikuviona, na kuna mambo liliyoyaona likayanyamazia. Kwa hiyo nikisema mzazi achukue kazi za mtaa, nina maana azichukue na kuzirekebisha.

Kwa Asha, au kwa kina Asha?

Vitabu vya malezi vya Ulaya na Marekani vina neno maalumu la miadi ya watoto kucheza. Kiswahili hakina, na sioni hasara. Mtoto wa Kiswahili haagi kwamba anakwenda kwa Asha. Anasema, "Nakwenda kwa kina Asha." Hilo neno "kina" lina watu ndani yake: mama Asha, baba Asha, kaka zake, bibi aliyekuja kutibiwa macho, dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha uani. Lugha yetu imeshamwambia mzazi jambo ambalo simu inamsahaulisha: mwanao hamtembelei mtoto mwenzake, anaitembelea nyumba nzima. Basi kila utakalopanga lipange kwa kuifikiria nyumba, na nyumba yenyewe iwe mnafahamiana, au mnaelekea kufahamiana.

Kukutanisha: wachache, mara nyingi

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wa chekechea katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikuwa na umri wa kuanzia kama miaka miwili hadi chini kidogo ya mitano. Alichokiona kinaonekana mpaka leo kwenye ua wowote wenye mchanga. Wapo wanaocheza peke yao. Wapo wanaosimama pembeni kutazama wenzao. Wapo wanaocheza sambamba: wawili wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na ndoo yake, hawasemezani. Na wapo wanaocheza pamoja hasa, wakigawana kazi: wewe mama, mimi dereva, huyu mgonjwa. Kadiri watoto walivyokuwa wakubwa, ndivyo mchezo wa pamoja ulivyoongezeka.

Hapo pana faraja kwa mama wa mtoto wa miaka miwili na nusu anayelalamika kwamba amekwenda mpaka Kigamboni, kapanda pantoni na mtoto mgongoni, na watoto wenyewe wakapeana visogo saa nzima. Hawakukosana. Walikuwa wanacheza sambamba, na kwa umri ule huko ndiko kuwa pamoja. Pana faraja pia kwa mzazi wa mtoto mwenye haya. Anayesimama pembeni akitazama hajashindwa kucheza. Yumo kazini, anasoma sheria za mchezo. Usimsukume katikati kwa kumwambia "nenda kacheze na wenzako" mbele ya watu. Mfikishe mapema kabla umati haujajaa, kaa naye chini mkekani, na wenzake wakija mmojammoja atawapokea yeye kama mwenyeji.

Urafiki wa watoto wadogo unajengwa na kurudiarudia. Mtoto wa miaka minne akimkuta mtoto yuleyule, ua uleule, ndoo ileile, kwa Jumamosi tatu mfululizo, Jumamosi ya nne wataanzia pale walipoachia. Sherehe ya watoto arobaini haitoi nafasi hiyo, kwa sababu hakuna Jumamosi ya pili. Kwa hiyo baada ya usiku ule wa chui nilifanya jambo dogo. Kwa wiki mbili, kila akirudi shule, niliacha kumuuliza amejifunza nini, nikamuuliza amecheza na nani. Jina moja lilijirudia karibu kila siku, na sikuwahi kuliona kwenye mwaliko wowote. Ni binti mnyamavu, mama yake ni nesi mwenye zamu za usiku, na kwenye grupu la wazazi hakuwa msemaji. Nilimwandikia hivi: "Shikamoo mama. Mwanangu anamtaja wako kila siku. Jumamosi hii saa nne mpaka saa sita na nusu, unaonaje aje kwetu wacheze? Na wewe ukipata nafasi karibu tunywe chai."

Ujumbe huo una vitu vinne ambavyo nimejifunza kutoviacha: sababu ya kumwita mtoto huyo na si mwingine, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na kiti cha mzazi mwenzangu. Nilimwamkia japo tunalingana umri, nikaona adabu haimpunguzii mtu kitu.

Jambo lingine: usiite watoto wa rika moja tu. Mtaa ulichanganya umri, darasa linatenganisha. Katika miaka ya 1950 Robert LeVine na Barbara LeVine waliishi Nyansongo, nchi ya Wakisii huko Kenya, wakitazama malezi. Takwimu zao ziliingia kwenye kazi kubwa ya Beatrice na John Whiting iliyotoka mwaka 1975, ikilinganisha watoto wa jamii sita duniani. Watoto wa Nyansongo, waliozoea kukabidhiwa wadogo zao kuwatunza na kazi nyingine za nyumbani, walionekana wepesi zaidi wa kujali na kusaidia kuliko wenzao wa mji mdogo wa Marekani waliolinganishwa nao. Sisemi umgeuze mtoto wa miaka saba kuwa yaya. Nasema binamu wa miaka tisa akiwepo uani, wadogo wanajifunza michezo ambayo wewe umeshaisahau, naye anajifunza subira.

Kulinda: maswali ya mlangoni

Hapa ndipo wengi wetu tunapoona aibu. Tunamwacha mtoto getini kwa watu, tunapunga mkono, tunaondoka, kwa kuogopa kuonekana tunawashuku. Kumbe maswali yakiulizwa kwa heshima, mwenyeji mwema huyafurahia, maana naye ana mtoto.

Mimi huuliza manne. Leo nani wako nyumbani? Atakayekaa na watoto ni nani? Kuna maji mahali, bwawa, kisima au pipa lisilofunikwa? Kuna mbwa? Na kabla sijaulizwa, natangulia kutoa yangu: "Wangu kifua kinambana akipata vumbi, dawa yake ya kuvuta iko mfukoni mwa begi, na namba yangu hii." Ukishatoa lako, mwenzio hutoa lake bila kuona anahojiwa.

Swali la pili lina jibu ambalo mara nyingi tunalipita haraka: dada. Katika nyumba nyingi za mjini anayeuendesha mchezo wote ule ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayejua nani anamwonea nani, nani haendi chooni peke yake, nani akilishwa karanga anatapika. Ukipanga watoto waje, mwambie dada mapema na si asubuhi ya siku yenyewe, mpunguzie kazi nyingine siku hiyo, na mtambulishe kwa mgeni kwa jina lake. Nilipoanza kumuuliza dada wetu maoni yake kuhusu wageni wa Jumamosi, aliniambia mambo matatu kwa dakika tano ambayo mimi sikuyaona kwa mwaka mzima.

Mtoto naye apewe silaha zake. Binti yangu anazijua sehemu za mwili wake kwa majina. Anajua hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kumwekea siri asiyotakiwa kumwambia mama au baba, na kwamba akisema "nataka kurudi" nitamfuata bila kumuuliza mbele ya watu. Kuna siku aliniita baada ya nusu saa. Sababu ilikuwa jogoo. Nilimfuata. Mtoto anayefuatwa kwa ajili ya jogoo atakuita pia siku yenye jambo kubwa. Na likitokea jambo kubwa, Tanzania na Kenya zote zina namba ya simu ya kusaidia watoto, 116, na haina malipo.

Kulisha

Hili ni jepesi, na tumelifanya zito. Watoto wa miaka mitano hawahitaji meza ya harusi. Mihogo ya kukaanga, ndizi mbivu, maji na juisi ya ukwaju vinatosha. Kinachohitaji umakini ni tofauti za nyumba. Uliza kabla ya kulisha: kuna watoto wasiokula nyama kabisa, kuna ambao nyama yao lazima iwe halali, kuna walio kwenye Kwaresma na wazazi wao. Vivyo hivyo sherehe za kuzaliwa. Kuna familia za Kiislamu zisizozisherehekea, na Mashahidi wa Yehova hawazisherehekei. Mtoto wa nyumba hiyo asipokuja kwenye keki, usimfute kwenye orodha. Mwite Jumamosi ya kawaida isiyo na mshumaa. Pengine ndiyo siku atakayocheza zaidi.

Kuhusu zawadi, darasa letu lilifikia makubaliano baada ya mama mmoja kusema wazi kwamba mialiko mitatu kwa mwezi inamtoa jasho. Kila mtoto analeta kitabu kimoja au kalamu za rangi, basi. Wengine watano waliandika palepale kwamba walikuwa wanasubiri mtu aseme.

Kusuluhisha: hesabu mpaka ishirini

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mtoto wa nesi alipokuja mara ya pili, ugomvi ulizuka juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Binti yangu ameshika usukani, mgeni ameshika kiti, na kila mmoja anavuta upande wake. Nilikuwa nimeshainuka na hukumu yangu mdomoni: mgeni kwanza. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alinivuta khanga. "Kaa. Hawajapigana, wanasemezana."

Nikakaa. Walivutana, wakatulia, wakavutana tena. Halafu mgeni akasema, "Unaenda mpaka kwenye mwembe unarudi, mimi nahesabu." Binti yangu akaenda. Mgeni akahesabu ishirini kwa kasi ya ajabu, akaruka kumi na tatu mpaka kumi na nane, akadai zamu yake. Zamu ilipogeuka, binti yangu naye akahesabu vilevile. Mzunguko wa tatu wote walikuwa wanahesabu kwa sauti moja, polepole, kumi na tatu ikiwemo. Sheria ilikuwa imetungwa, imevunjwa, imelipiziwa na kurekebishwa, na hakuna mtu mzima aliyefungua mdomo. Kama ningetoa hukumu yangu wangejifunza kwamba mama ana hukumu.

Kiasi gani cha kuwaachia? Mimi hutumia kanuni ya mama yangu: wanaposemezana, kaa. Wakirushiana mikono, mawe au matusi, au mkubwa anamkandamiza mdogo kila mara, inuka. Ukiinuka, usiulize nani kaanza, hilo swali halijawahi kujibiwa tangu dunia iumbwe. Uliza, "Sasa tufanyeje?" Mtoto wa mwenzio usimpige. Mtenganishe, mtulize, na mzazi wake mwambie ana kwa ana kwa maneno machache, ukianza na alichokosea wa kwako.

Maana ugomvi unaotisha ni wa wakubwa. Nawafahamu mama wawili, majirani, ambao watoto wao waling'atana mkono. Mmoja alipeleka picha ya alama za meno kwenye grupu kabla ya kupiga hodi nyumba ya pili. Watoto walirudi kucheza jioni ileile. Mama wale walikaa mwezi mzima bila salamu, na watoto wakawa wanachezea kwenye ufa wa ukuta, wakipitishiana gololi.

Kurudisha nyumbani

Kazi ya tano ndiyo tuliyoisahau kabisa. Mtaa ulikuwa na saa. Adhana ya magharibi ikilia, kwetu Magomeni, mchezo umekwisha, awe Muislamu awe Mkristo. Hakukuwa na mjadala, kwa sababu wote waliitwa kwa pamoja. Leo sherehe iliyoandikwa saa nane huanza saa kumi, keki hukatwa saa moja usiku, na mtoto hufika kwake saa tatu.

Tupige hesabu. Mwongozo uliotolewa na madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12. Mtoto wa Dar es Salaam anayewahi basi la shule huamka saa kumi na moja alfajiri. Kama halali mchana, hata zile saa 10 za chini kabisa zinamtaka awe usingizini saa moja usiku. Basi anafika Ijumaa akiwa na deni la wiki nzima, na wikendi ndiyo siku pekee ya kulilipa. Sisi tunaijaza mialiko mitatu, kisha Jumapili jioni tunashangaa kwa nini analia kwa sababu kijiko si cha bluu.

Kumpumzisha mtoto si kumdekeza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika ibara ya 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na kupumzika ndiko kunakotangulia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaorodhesha wajibu wa mzazi: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humohumo haki ya kucheza na kupumzika. Aliyeandika orodha ile hakuiweka michezo kwenye ukurasa wa anasa.

Nyumbani kwetu tulifikia sheria tatu, ambazo kila nyumba inaweza kuzikata kwa kipimo chake. Mwaliko mmoja kwa wikendi. Jumapili baada ya saa tisa hatutoki. Na saa ya kuondoka inatangazwa kabla ya kufika, kisha inakumbushwa mara moja dakika kumi kabla: "Mzunguko mmoja wa baiskeli, halafu viatu."

Kukataa kulinipa tabu mwanzoni, kwa kuwa kwetu kukataa mwaliko ni kama kumkataa mtu. Sasa naandika, "Tumeshukuru sana kukumbukwa. Wiki hii tunampumzisha. Zawadi ya mwenzake ataileta shuleni Jumatatu." Sitoi udhuru wa uongo wa msiba au homa, kwa sababu mtoto wangu hataumezea, atausema Jumatatu darasani. Katika mwaka mmoja hakuna aliyenuna. Wawili walinipigia kuuliza tunawezaje.

Hatua arobaini

Nimalizie kwa jambo linalonitia aibu. Mwezi wa tatu wa utaratibu huu, Jumamosi moja mchana, geti letu lilikuwa wazi kwa sababu fundi alikuwa anaingiza mchanga. Mtoto wa kiume wa miaka kama sita alisimama nje, mkono mmoja kwenye nguzo, anatazama lile rundo la mchanga. Binti yangu akamwita kwa jina. Nikauliza kamjuaje. "Tunaongeaga ukutani," akajibu. Nilikuja kupima: kutoka geti letu mpaka lao ni hatua arobaini. Tulikuwa tumeishi hapo Goba miaka miwili. Tumekwenda sherehe tisa ng'ambo ya mji, na mtoto wa hatua arobaini hakuwahi kualikwa kwa kuwa hasomi shule yetu na mama yake hayumo kwenye grupu letu.

Jioni ile nilivaa khanga, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda kupiga hodi.

Nawe fanya hivyo. Jumamosi hii, kabla ya kujibu mwaliko wa mbali, toka na mtoto wako mpaka nyumba ya pili au ya tatu. Piga hodi, ngoja uitikiwe. Sema wewe ni nani, mtoto wako ni nani, mnakaa nyumba gani. Uliza kama kuna mtoto wa kucheza naye. Likipatikana jibu, taja saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na hiyo saa ya kumaliza ikifika, mrudishe nyumbani.